Mama Misumari na Mbwa Asiyetaka Kutoka

Mama yangu mkubwa hasemi sana, na sababu ni kazi yake: mdomo wake huwa umejaa misumari. Fundi makochi wa kizamani hutia misumari midogo kinywani, kiganja kizima, kisha huitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, nyundo ikiwa tayari mkononi. Mafundi wa siku hizi wanatumia bastola ya pini. Na yeye alinunua moja, akaitumia wiki, akaifungia kabatini.

"Inapiga kabla sijaamua," alisema.

Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Misumari, ingawa hakujaliwa mtoto. Aliwahi kuolewa, miaka mitatu. Ukimuuliza ilikuwaje, anajibu kwa sentensi moja tu: "Nilirudi na mkasi wangu na heshima yangu, nikaona vinatosha." Baada ya hapo alifanya kazi miaka ishirini katika kiwanda cha viti vya mabasi. Wanawake waliwekwa kwenye cherehani, kushona vifuniko; fremu na springi zilikuwa za wanaume. Yeye alibaki kila jioni nusu saa baada ya kengele, akimtazama mzee mmoja wa fremu anavyofunga springi kwa kamba. Mzee hakumfundisha, lakini hakumfukuza pia. Mwaka wa pili mzee aliugua, na msimamizi alipouliza nani anaweza kumalizia viti arobaini vya watu, mama mkubwa aliinua mkono. Kiwanda kilipofungwa, alifungua karakana yake chini ya nyumba tunayokaa: chumba kimoja chenye mlango wa barabarani, harufu ya gundi na sponji, jiko na ua mdogo nyuma yake, na vyumba viwili vya kulala juu. Mimi ni karani wa shule, nimekaa naye mwaka wa tisa sasa. Kwa hiyo hili sikusimuliwa. Nililiona kwa macho yangu, na pale lilipoharibika, niliharibu mimi.

Kituo kimoja kinachookoa wanyama kilimwita akatengeneze viti vya mapokezi. Vilikuwa viti sita, vyote vimechanwachanwa na paka. Alifanya kazi pale siku tatu, na siku zote tatu mbwa mmoja mkubwa wa kahawia, sikio moja limekunjika, alikuwa amelala kwenye kona akimtazama.

Daktari wa wanyama wa kituo hicho, mwanamke mwembamba anayetembea kama anayechelewa, ndiye aliyemweleza habari zake. Mbwa huyo alifungwa mnyororo kwenye yadi ya mbao tangu akiwa mdogo, miaka sita au saba. Mnyororo ulikuwa wa hatua nne. Yadi ilipofilisika, mwenyewe akahama na mbao zake na meza zake, mbwa akamwacha. Wanunuzi wa vyuma chakavu walimkuta siku ya tano, ulimi nje, amezungukwa na duara alilolichimba kwa miguu yake mwenyewe. Walimkata mnyororo. Hakwenda popote. Alitembea hatua nne, akageuka.

"Mnyororo umetoka shingoni, haujatoka kichwani," daktari alisema. "Familia mbili zimemchukua, zote zimemrudisha. Ukimtoa nje analala chini kama gunia. Wengi wa namna hii hawarudi, mama. Nakwambia ukweli."

Siku ya tatu, mama mkubwa alipokuwa akikusanya vifaa, alimkuta mbwa ametambaa hadi kwenye rundo la sponji kuukuu alizokuwa amezing'oa, ameegesha kidevu juu yake, amefumba macho.

"Nikimchukua?" aliuliza.

"Mama, huyu hatembei."

"Hata makochi hayatembei, na nimeishi nayo vizuri."

Walimleta kwa gari lile lile la kubebea makochi. Mbwa alikataa kupanda, kwa hiyo walimpandisha akiwa juu ya kochi la watu wawili ambalo halijavishwa kitambaa, na wakamshusha juu yake vile vile, wanaume wanne wakimbeba kama bibi harusi. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alitoka dukani kwake na mashine mkononi ili asikose kuona. Mimi nilirudi kutoka kazini nikamkuta amelala chini ya meza ya kukatia vitambaa.

"Mama mkubwa, huyu anaitwa nani?"

Akatema misumari kiganjani. "Haraka."

Kinyozi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka mpaka akashika ukuta. "Haraka haraka haina baraka, tumezoea. Lakini huyu, Mama Misumari, hata hiyo haraka yenyewe hana!"

Ilikuwa kweli. Haraka alienda uani kujisaidia kwa sababu mlango wa ua ulikuwa hatua nne toka kwenye blanketi lake. Mlango wa barabarani ulikuwa mbali zaidi ya hapo, na kwake ni kama haukuwepo. Ukimsogeza upande ule, tumbo linagusa sakafu, makucha yanakwaruza saruji, macho yanakuwa meupe pembeni. Daktari alikuja kumwona baada ya wiki mbili, akamkata kucha zilizokuwa zimepinda kama ndoano, akamshika mapaja ya nyuma.

"Nyama inapungua. Asipotembea, miguu hii itamwishia."

"Nipe muda," mama mkubwa alisema.

"Muda gani?"

"Sijui bado. Kwanza nipime."

Akapima kweli, kama anavyopima kochi. Alichukua chaki ya fundi akachora mstari sakafuni pale Haraka anapokomea. Kutoka mstari ule hadi kizingiti alipata shubiri kumi na tisa. Kisha akaanza: kila asubuhi, kabla hajafungua kazi, alivuta blanketi la mbwa kuelekea mlangoni kwa shubiri moja, siku nyingine nusu. Hakumvuta mbwa. Alivuta blanketi, akaendelea na shughuli zake. Haraka aliliangalia, akanung'unika, mwishowe akalifuata, maana lilikuwa na harufu yake.

Jambo la pili lilikuwa mkanda. Kituo kilikuwa kimetupatia kamba ya kumtembezea yenye pete na ndoano za chuma. Zilipogongana tu, kling, mbwa alitetemeka hadi mate yakamdondoka. Mama mkubwa aliitundika nyuma ya mlango wa jikoni, akakaa kwenye cherehani jioni nzima. Alitumia ule mkanda wa turubai unaowekwa chini ya springi, akaupigia bitana ya velveti ya kijani iliyobaki kwenye kochi la mchungaji mmoja, na badala ya chuma akatia vifungo vya mbao vya koti. Ukawa mkanda wa kifuani wenye kamba yake ya turubai, usiotoa sauti hata kidogo. Kwanza aliuweka kwenye blanketi, Haraka akaulalia siku nne. Kisha akamwekea mgongoni bila kufunga. Kisha akafunga kifungo kimoja.

"Mama mkubwa," nilimwambia, "kwa mwendo huu tutafika mlangoni mwaka kesho."

"Mlango hauhami," alijibu.

Sasa ndipo nifike kwenye kosa langu. Siku ile shule ilikuwa imefunga, na yeye alikwenda kupeleka viti kwa mteja upande wa pili wa mji. Blanketi lilikuwa limebakiza shubiri tatu tu. Shubiri tatu! Niliona ni uzembe wa kitoto kungoja siku tatu kwa jambo la dakika moja. Nikaamini kabisa kwamba akishaona nje palivyo, atanishukuru. Nikamfunga vifungo vyote, nikafungua mlango, nikavuta.

Sitaki kuieleza sana sauti aliyotoa. Ilikuwa ya mtoto. Alijikojolea, akajipindua, akatoka kwenye mkanda na kukimbilia chini ya fremu ya kochi iliyokuwa imeegeshwa ukutani, akajibana kule ndani. Nilimwita, nikampelekea maji, nikampelekea nyama. Hakunitazama.

Mama mkubwa aliporudi alikuta mlango umefungwa, sakafu imepigwa deki, na mimi nimekaa juu ya ndoo. Hakuniuliza. Nilimwambia yote mwenyewe, mpaka na neno "uzembe." Alipiga magoti, akachungulia chini ya fremu, akakaa hivyo kitambo. Halafu akasema bila kugeuka:

"Ngozi ya kochi, umewahi kuniona nikiivuta ikiwa kavu?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Itapasuka."

"Basi."

Akainuka akishikilia goti lake, akachukua blanketi, akalirudisha hadi kwenye mstari wa kwanza wa chaki. Kazi ya siku ishirini na sita. Ningependa angenigombeza, matusi hupita, lakini ule mkono wake ukilainisha pembe za blanketi ulinikaa rohoni.

"Kwa hiyo tunaanza upya?" niliuliza.

"Yeye ndiye anaanza upya. Sisi tunamfuata tu."

Na mimi nikapewa zamu. Kila nikitoka kazini nilitakiwa kukaa sakafuni karibu na mlango, nimempa mbwa mgongo, kisahani cha maini ya kuchemsha pembeni yangu, na nisome chochote nilichonacho. Nisimwite. Nisimgeukie. Nilisoma gazeti hadi matangazo ya vifo, nikasoma taarifa za mahudhurio za shule. Siku ya tisa nilisikia pumzi ya moto kwenye kiwiko, na kipande cha ini kikaondoka kisahanini kwa ustaarabu mkubwa. Nililia kimya kimya, huku nikitazama safu ya wanafunzi wasiofika.

Shubiri kumi na tisa zilikwisha tena. Kikabaki kizingiti chenyewe, na hapo Haraka alikwama wiki nzima, pua ndani, dunia nje. Wengine tungeshindwa hapo. Mama mkubwa alifikiri siku mbili, misumari mdomoni, kisha akafanya jambo ambalo hakuna fundi wa heshima anayelifanya: alihamisha kazi yake nje. Alitoa kigoda, akatoa kiti cha mteja, akakaa kando ya barabara, hatua mbili toka mlangoni, akaanza kupiga nyundo.

Haraka alikuwa ameizoea ile nyundo. Tangu alipofika, ndiyo sauti iliyokuwa ikimwamsha na kumlaza, na haikumletea ubaya hata siku moja. Sasa ilikuwa inatokea mahali asipopataka.

Wateja walilalamika. Vumbi linaingia kwenye velveti, walisema. Kinyozi alipiga kelele kutoka ng'ambo: "Mama Misumari, umefukuzwa na mbwa nyumbani kwako?" Yeye alitikisa kichwa akaendelea. Siku ya kwanza, hakuna. Siku ya tano, mguu mmoja wa mbele uligusa saruji ya nje ukarudi kama uliokanyaga jiko. Jumapili ya pili, asubuhi, barabara ikiwa bado imelala, nilikuwa dirishani juu nikipiga mswaki. Nilimwona Haraka akijinyoosha, akitanguliza mguu, wa pili, akisimama, akitafakari, kisha akivuta na ile miwili ya nyuma. Alikuwa nje. Alitembea hadi kwenye kigoda, akalala juu ya miguu ya mama mkubwa.

Nilijiuma kidole nisipige vigelegele. Yeye hakumshangilia wala hakumpapasa. Alichukua msumari mwingine kwa ulimi, akaupiga. Ila niliona kwamba alipiga pembeni, kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya, na ikabidi aung'oe.

Baada ya hapo walikwenda kwa nguzo. Nguzo ya kwanza ya taa, siku kumi. Nguzo ya pili, siku sita. Walitoka asubuhi na mapema na saa kumi na moja jioni, yeye na aproni yake yenye mifuko mitatu, mbwa amembana mguuni. Kama pikipiki inakuja, wanasimama. Ikipita, wanaendelea. Kinyozi alikuwa na spika yenye kuweza kutingisha madirisha. Siku moja niligundua kwamba kila saa kumi na moja inanyamaza. Nilipomuuliza, alijifanya anatafuta kitana. "Spika ina joto," alisema. "Inahitaji kupumzika."

Halafu ikaja siku ya mitungi. Walikuwa wamefika nguzo ya tatu, mbali kuliko siku yoyote, mimi nikiwafuata nyuma na mkoba wangu wa kazini. Lori la gesi lilikuwa linashusha mitungi mitupu, na mmoja ukamponyoka mpakuaji. Ulianguka, ukagonga mwingine, ikaporomoka saba au minane kwenye lami. Hata mimi nilirukia ukutani.

Haraka alianguka kama aliyepigwa. Nilisubiri avute kurudi nyumbani, au mama mkubwa ambebe. Hakuvuta, alikuwa ameganda. Na mama mkubwa, mtu wa miaka hamsini na minane mwenye goti bovu, alijishusha polepole akakaa chini, pale pale katikati ya njia ya watu, akanyoosha miguu, akaweka kamba mapajani. Watu wakawa wanamzunguka. Mmoja alimdondoshea sarafu. Akairudisha kwa kidole.

Kinyozi alivuka barabara mbio. "Mama, umeanguka?"

Alitikisa kichwa.

"Mbwa amegoma?"

"Amechoka kuogopa. Anapumzika."

Kinyozi alitazama juu, akatazama chini. Kisha akachukua kile kitambaa cheupe cha kuwafunga wateja shingoni, akasimama ukingoni mwa barabara, akaanza kukipunga kuzielekeza pikipiki zipite mbali. Kwenye mlango wa duka lake alitokea bwana mmoja aliyenyolewa upande mmoja tu.

"Fundi! Mimi je? Nusu kichwa hii!"

"Vumilia, kuna foleni!" kinyozi alimjibu.

Dakika ishirini zilipita, nusu saa ikapita. Bwana wa nusu kichwa alichoka kungoja, akaja akasimama upande wa pili akizuia baiskeli. Mpakuaji wa gesi alikuja kuomba msamaha, mama mkubwa akamwashiria akae, akakaa. Nami nikakaa. Sijawahi kuona watu wazima watano wakimngoja mbwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Haraka aliinua kichwa. Akanusa hewa, akanusa aproni, akanusa kiatu cha mpakuaji. Akasimama, miguu inatetemeka. Alitazama nyuma, uliko mlango wetu, na nikajua ndiyo basi, tunarudi. Kisha akageuza shingo na kutazama mbele, kwenye kona ambayo hakuwahi kuifikia. Akapiga hatua. Mama mkubwa alikuwa hata hajamaliza kuinuka. Ilibidi kinyozi amshike kwapa, maana kamba ilikuwa imeshaanza kukaza.

Hawakupanga kwenda popote siku ile. Haraka alifika kwenye kona, akanusa ukuta kwa dakika nzima kama mtu anayesoma barua ndefu, akapinda. Alipita duka la dawa, akapita ukuta wa shule, akasimama kwenye kila pipa. Alipofika kwenye uwanja wenye majani nyuma ya tangi la maji, alisita, akaweka mguu mmoja kwenye nyasi. Nadhani hakuwa amewahi kuzikanyaga. Akaukunja mguu, akaurudisha. Halafu akajitupa mgongoni, akagaragara, miguu minne juu, sikio lile lililokunjika limefunguka, anatoa mikoromo ya ajabu.

Mama mkubwa alicheka. Alicheka kwa sauti kubwa ya kifuani ambayo sikujua anayo, machozi yanamshuka, mkono kwenye goti. "Mtazame," aliniambia. "Mtazame mjinga huyu!" Na neno "mjinga" sijawahi kulisikia likitamkwa kwa mapenzi kama yale.

Tulirudi jua likizama. Haraka ndiye aliyetangulia.

Sio kwamba hofu iliisha. Hadi leo akisikia mnyororo unaburutwa, anajibana mguuni, na mama mkubwa anasimama hadi apumue. Lakini miguu ya nyuma imejaa, na daktari alipomshika mapaja mara ya mwisho alimwomba mama mkubwa aje kituoni awafundishe wafanyakazi wake.

"Mimi sina hotuba," alimjibu. "Waje waone."

Wakaja. Wamekaa karakanani kwetu wawili wawili, juu ya vigoda, wakitazama blanketi likisogezwa shubiri moja. Wengine hawakurudi siku ya pili. Waliorudi wamefanikiwa na mbwa wawili, na wa tatu sasa hivi yuko chini ya meza ya kukatia, mweupe, mdogo, haamini mtu. Wateja nao wamejifunza kwamba saa kumi na moja mlango hufungwa hata kama umekuja na gari la kubebea. Wanakaa kwa kinyozi wakingoja, na kinyozi anasema biashara haijawahi kumwendea vizuri hivi.

Jana nilichelewa kutoka kazini, mvua ndogo inanyunya. Niliwaona ng'ambo, mbele ya posta: Haraka mbele, kamba imelegea, mama mkubwa nyuma yake na mfuko wa plastiki kichwani, wakisimama kila anapotaka kunusa, wakiendelea anapomaliza. Nilitaka kuwaita. Nikaona wana mazungumzo yao, nikawaacha waende.